Mafuta ya Kurudi Nayo

Jumatatu, 8 Julai 1991

Saruji tangu asubuhi. Roli mbili, kule Nyabugogo. Shingo inauma. Nimerudi Gatsata kwa miguu, nimepika viazi, vimeungua. Nimekula hivyo hivyo.

Jioni Saidi amepita na gari yake, ile kamioneti ya mizigo. Nilimwuliza, kwenda Cyangugu na kurudi inakula mafuta kiasi gani. Akaangalia juu kama anasoma mawingu. Akasema jerikani sita. Nikamwambia wewe mwongo. Akasema basi tano. Mtu anayeshuka haraka hivyo alikuwa hajui kitu tangu mwanzo.

Espe atazaa wiki hii au ijayo. Sina wakati ya kubishana na mawingu.

Jumanne, 9 Julai

Naandika ili kichwa ikae sawa. Kuandika nilijifunza Bukoba, wakati nachuma kahawa, darasa la watu wazima. Kinyarwanda nasema, kuandika siwezi. Mkono yangu inajua Kiswahili ya Bukoba tu.

Maneno iko hivi. Espe ni mtoto yangu mmoja, sina mwingine. Aliolewa Cyangugu, kwa watu waliotoka Bukavu. Mtoto wake wa kwanza alikufa mdogo kabisa. Wakati ule bibi yangu Konsesa, mama yake Espe, alikuwa hospitali, na hakuna mtu wa kwetu aliyeweza kwenda guhemba. Guhemba ni kumpelekea mzazi unga wa uji, maziwa, pombe. Watu wa kwao waje, waonekane. Sisi hatukuonekana. Wanawake wa kule wakasema huyu hana kwao.

Espe alimwambia mama yake, mimi hakuniambia. Konsesa ndiye alinipa neno hilo mwaka jana, karibu na kufa. Akasema akizaa tena utaenda wewe. Usiende mikono mitupu. Na usiombe kitu kwa wale watu, hata maji ukiwa na kiu ngoja wakupe.

Sawa. Nitaenda. Lakini Konsesa hakusema chochote juu ya mafuta ya gari.

Jumatano, 10 Julai

Amezaa. Msichana. Wote wazima. Konvayeri wa basi ya Cyangugu, yule wa tiketi, ndiye ameleta habari, amenikuta na mfuko kichwani, sikuweza hata kumshika mkono. Niliteremsha nikakaa juu ya mfuko. Bosi akanipigia kelele. Nikakaa tu.

Jina watatoa siku ya nane. Ndiyo Jumatano ijayo. Lazima niwe pale.

Domitila, mdogo wa Konsesa, amepanda mpaka hapa kutoka Kiyovu, anapika kwa wazungu kule. Anataka kuchukua wanawake wanane. Nikamwambia hiyo si guhemba, ni kuhama. Akasema, "Shemeji, mwanaume akienda guhemba peke yake wanafikiri ameiba huo uji." Tumegombana mpaka wanne. Basi yenyewe hatuwezi, haikubali vibuyu vya maziwa na vikapu, na konvayeri anakaa juu ya kila kitu. Inabaki Saidi.

Saidi hataki kulipwa. Konsesa alimlea kidogo wakati mama yake yuko mgonjwa. Anasema wewe weka mafuta tu, mzee wangu. Mafuta tu. Anasema kama ni chumvi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeomba ruhusa nusu siku. Tumepima gari.

Mshale wa mafuta ulikufa zamani. Saidi anapima na kijiti, anachovya ndani ya tangi, anakiangalia, anasema bado iko. Bado kiasi gani? Bado. Hivyo ndivyo anaishi.

Nikasema tuondoe yote, tuweke kwa chupa kubwa ya bia, twende Kanombe turudi, tuone zimekwenda ngapi. Kitu ya mtoto. Imechukua asubuhi nzima. Njiani anasimama kusalimia kila mtu na moto ya injini inaunguruma. Amebeba mwanamke na mbuzi bila kuniuliza. Nikamwambia tunapima, mbuzi haiko kwa hesabu. Akasema safari ya kweli mbuzi haikosi.

Karibu na kambi wanajeshi walitusimamisha. Mbona mnafika, mnageuza, hamna kazi? Saidi akasema tunapima tumbo ya gari. Hawakucheka. Tulishuka, tukatoa karatasi, wakaangalia chini ya viti. Moto inaunguruma tena wakati huo wote. Nilikuwa nasikia mafuta inakwenda kama damu.

Chupa nne, Kanombe na kurudi. Cyangugu kwenda tu ni kama Kanombe na kurudi mara kumi, na milima. Tukasema jerikani mbili kwenda, mbili kurudi. Nne. Si sita, si tano. Saidi akasema alijua. Hakujua.

Ijumaa, 12 Julai

Nne pia siwezi. Tangu vita ianze kaskazini barabara ya Uganda imefungwa, mafuta inazunguka Tanzania, bei inapanda kila ukilala. Nikikusanya yote niliyo nayo na ya Domitila, napata mbili na kidogo.

Basi kupunguza. Nimekwenda kwa Saidi kutoa uzito kwa gari. Vyuma vya turubai, nje. Kiti cha nyuma kimevunjika, nje. Chini ya magunia ya zamani nimekuta giaboksi. Yote, si kipande. Imekufa, ya gari ingine kabisa. Nikamwuliza hii ni nini. Akasema ilikuwa mle aliponunua gari, ni ya bahati, asiitoe. Miaka yote hii analisha chuma iliyokufa mafuta ya bei hii. Nimeibeba mwenyewe begani, nikaitupa nyuma ya choo yake. Aliifuata akaifunika na bati isinyeshewe.

Nimechoka na watu.

Baadaye akasema tuchanganye na mafuta ya taa, ni rahisi. Tulijaribu kidogo. Gari ilikohoa kama mzee, moshi nyeupe mpaka jirani akatoka na ndoo ya maji. Tukaacha.

Jumamosi, 13 Julai

Saruji. Bado zile mbili za kurudi. Sina kingine.

Jumapili, 14 Julai

Konvayeri amekuja tena, amenitafuta mpaka nyumbani. Ametumwa na baba mkwe wa Espe, Mzee Birindwa. Neno lenyewe, nilimwambia arudie mara mbili: "Mzee anasema mje bila shida. Mafuta ya kurudi nayo iko tayari, jerikani mbili."

Nilimkalisha kwenye kiti changu.

Sikuomba. Nimeandika hapa, sikuomba. Wametoa wenyewe. Konsesa, umesikia.

Domitila alikuwa anachambua maharage. Akauliza mafuta gani. Nikamwambia gari inakunywa mafuta gani, ya nywele? Akainamia maharage. Akisha kuinama hivyo ana neno, lakini sikuwa na nguvu ya kumwuliza.

Basi tunajaza mbili ya kwenda. Ya kurudi iko huko. Hesabu imekaa. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Jumatatu, 15 Julai

Kupakia. Mimi kazi yangu ni kupakia, na sijawahi kupakia vibaya hivi.

Wanawake wanne, wa tano ni vikapu. Unga wa mtama, maharage, vibuyu, kitenge, sufuria. Halafu pombe ya mtama, jerikani tatu. Nikasema moja. Domitila akasema moja ni matanga. Nikamwambia kila jerikani ya pombe inakunywa mafuta kilima mpaka kilima. Akasema, "Na wewe shemeji ukishuka kwa mguu itapungua zaidi." Wote wanne wakacheka. Saidi pia. Jerikani tatu zimepanda.

Karatasi ya ruhusa ya safari nimepata kwa shida. Mwandishi alitaka kujua kwa nini babu anakwenda guhemba. Nikamwambia bibi alikufa. Akapiga muhuri.

Jumanne, 16 Julai

Nimefika. Naandika kidogo.

Tulitoka asubuhi na baridi, Saidi anasema gari ikiwa baridi inakula kidogo. Gitarama sawa. Butare sawa. Kila kizuizi wanajeshi wanashusha vikapu vyote, Saidi nimemfundisha kuzima moto, na kila mara kuwasha tunasukuma sababu betri nayo ni ya zamani. Wanawake wamesukuma toka Kigali mpaka mwisho wa nchi. Wakiimba. Mimi sikuimba.

Msituni Nyungwe ndiyo nilimchukia Saidi. Kwenye mteremko anazima moto kabisa, anaacha gari iende na uzito yake, eti tunaokoa. Kona, bonde, ukungu, kimya, unasikia matairi tu. Breki zinanuka. Mimi nimekaa na kipande cha mti miguuni, nikingoja kukirusha chini ya gurudumu. Nikamwambia washa. Akasema, "Mzee wangu, si ulisema kupunguza?" Nikamwambia nilisema kupunguza mafuta, si watu. Akawasha.

Kwenye mpando tulishuka wote, tukatembea nyuma yake. Pombe ilibaki ndani, imekaa kama bibi arusi.

Kijiti cha Saidi kilitoka kikavu tulipoona ziwa. Tumeingia kwa Birindwa kwa harufu tu. Lakini tumeingia mchana, wanawake wanne wenye vikapu kichwani, na mimi mbele. Wanawake wa jirani walitoka mlangoni. Waliangalia. Waangalie vizuri.

Espe alikuwa ameketi na mtoto. Alinishika kidole kama alivyokuwa mdogo. Sitaandika zaidi.

Jumatano, 17 Julai

Mtoto amepewa jina. Kila mtu alitaja lake, watoto kwanza, halafu sisi. Mimi nilisema Konsesa. Baba yake akamwita Uwase. Ni zuri. Pombe jerikani tatu zimekwisha. Sijamwambia Domitila kwamba alikuwa na haki na sitamwambia.

Uji wetu mama mkwe ameuonja mbele ya watu akasema unga umesagwa vizuri. Vizuri sana. Nilikaa wima.

Halafu Mzee Birindwa akasimama. Mtu mkubwa, sauti kubwa, huniita bamwana, ndivyo tunaitana sisi baba wa binti na baba wa kijana. Akasema bamwana amevuka msitu, hawezi kurudi mikono mitupu. Vijana wakaleta jerikani mbili, wakaziweka mbele yangu, watu wakapiga makofi. Nikashukuru kwa mikono miwili. Nikamwangalia Saidi, akafunga macho kwa furaha.

Saidi akaenda kufungua, anuse. Akakaa ameinama muda mrefu. Akarudi akanionyesha kidole. Kidole chekundu.

Mawese.

Jerikani mbili ya mawese kutoka ng'ambo, safi kabisa. Ya kurudi nayo. Walisema ya kurudi nayo. Si ya kurudia. Watu wa Bukavu mafuta ni ya sufuria. Ya gari wanaita esansi, na hapo hapo nilikumbuka kwamba najua hiyo, kila mtu anajua hiyo, hata sisi Kigali tukisema Kinyarwanda tunasema lisansi. Mimi na Bukoba yangu.

Domitila alikuwa anachezesha mtoto. Hakuniangalia hata kidogo. Hiyo ndiyo mbaya.

Alhamisi, 18 Julai

Tangi kavu. Mfuko mtupu. Na siwezi kusema.

Nikisema, nimeomba. Kesho yake pale kisimani watasema walikuja na kelele, wakaombea mafuta ya kuondoka. Wamekwisha rudi kwa neno lao, hana kwao. Saidi alitaka kuuza mawese sokoni. Nikamwambia uuze zawadi ya bamwana kijijini kwa bamwana, mbele ya bibi yake? Akasema basi tuoe hapa hapa tukae.

Asubuhi nilisema nakwenda kuona ziwa. Nikashuka bandarini. Mashua ilikuwa imeleta saruji. Niliwaambia nabeba. Msimamizi akaniangalia mvi, akacheka, akasema mzee utavunjika tutakuzika na nini. Nikachukua mfuko nikaenda. Hakucheka tena, lakini hakunipa maji.

Saruji ni saruji. Hata hapa. Nimevuka nchi nzima nimekuja kuikuta.

Nimeoga ziwani kabla ya kurudi. Mama mkwe akasema naona mzee anapenda ziwa. Nikasema sana.

Ijumaa, 19 Julai

Tena ziwa. Wanawake wanashangaa tunakaa, Domitila anawaambia shemeji ana mgongo, anapumzika. Mgongo! Amesema sawa bila kujua. Au anajua.

Saidi alikuja nyuma yangu. Jana alisema yeye ni dereva, hana shingo ya mizigo. Leo alivua shati, akalikunja juu ya kichwa, akaanza kubeba. Anabeba vibaya, anapinda kama bata. Alinong'ona kwamba giaboksi ilikuwa nyepesi. Nikamwambia usinichekeshe na mfuko juu.

Mchana Birindwa akatokea. Alikuja kuchukua ndagala zake kwa mashua, dagaa wanaita hivyo huku. Nilikuwa juu ya ubao, mfuko kichwani, huwezi kugeuka, huwezi kukimbia, unaweza kwenda mbele tu. Nikaenda mbele. Mbele ndipo alipokuwa amesimama.

Akauliza, "Bamwana, hii ndiyo ziwa?"

Niliweka mfuko chini. Nikamwambia yote. Mafuta, jerikani, Bukoba, kijiti. Hata vumbi ya saruji kwa macho sikufuta, aone kama ni machozi au si machozi, shauri yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaanza kucheka, akashika nguzo. Akasema, "Apana, bamwana. Mafuta ni ya kula. Ya motokari ni esansi. Sasa mulikuwa munataka kukaanga barabara?" Msimamizi akacheka. Wabebaji wakacheka. Saidi akacheka, msaliti.

Akasema atatoa esansi, twende nyumbani. Nikamwambia hapana. Akasema kwa nini. Nikamwambia nimebakiza mifuko kama kumi, jioni napata ya kutosha. Akaniangalia. Akakaa juu ya gunia lake la ndagala. Akangoja mpaka tumemaliza. Tukapanda pamoja, mimi mweupe kama mtu wa uji.

Nilimwomba kitu kimoja tu, asiseme nyumbani. Hiyo niliomba, ndiyo.

Alisema kabla ya kukaa. Mlangoni. Kwa sauti yake ile, majirani wote wakasikia. "Baba ya Espe amebeba saruji siku mbili ili asituombe esansi." Nilitaka kuingia ndani ya ardhi. Hasira ilinishika mpaka masikio. Siku mbili naficha, yeye anatangaza kama redio.

Mama mkwe akamgeukia Espe, akamwambia, polepole, "Kumbe uko na kwenu."

Espe akasema ndiyo.

Basi. Ndiyo hiyo niliyotaka, na imekuja kwa njia ya aibu. Mtoto wanamwita Esansi sasa. Jina la nyumbani. Uwase amekwisha potea siku ya tatu.

Jumamosi, 20 Julai

Kigali. Tulinunua esansi wenyewe, naandika esansi sasa, sitaki shida. Birindwa alisukuma gari kuwasha, yeye na vijana wake. Uzito ulipungua, pombe haikuwepo, vikapu vitupu. Saidi alizima kwenye mteremko mara moja tu, nikamwangalia, akawasha. Tumefika na kijiti bado kimelowa.

Domitila aliposhuka Kiyovu akasema, "Shemeji, nilikuuliza mafuta gani." Alikuwa ameshika hilo neno tangu Jumapili, kutoka Kigali mpaka Cyangugu na kurudi. Nikasema uliuliza. Akachukua jerikani moja ya mawese akaenda.

Saidi amerudisha giaboksi ndani ya gari.

Jumapili, 28 Julai

Hakuna kazi leo. Nimefagia ndani. Nimepika maharage, nimekaanga kitunguu na mafuta ya kurudi nayo. Nyekundu. Nyumba yote inanuka Cyangugu.

Konsesa hakupenda mawese. Alisema inapaka meza.

Imepaka meza. Sijafuta bado.